Kusafisha kurasa za man: umbo kwa kiraka chake, maneno kwa kiraka chake

Ukichapa `man` na jina la amri kwenye terminali, kinachofunguka ni ukurasa wa man, yaani mwongozo wa amri hiyo, na mara nyingi uliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye kodi yake ya programu. Maelezo ni ya kweli, lakini aya zimebanana, chaguo hili limekolezwa na lile halikukolezwa, mfano ukiunakili unakataa kufanya kazi, na mahali fulani sentensi imekatika katikati bila sababu inayoonekana. Kusafisha kurasa hizi hakukutaki ujue lugha ya C. Kunataka jicho, subira, na nidhamu moja ambayo nitairudia mpaka ikuchoshe: usichanganye marekebisho ya umbo na marekebisho ya maneno.

Mradi wa man-pages wa Linux, ambao Michael Kerrisk aliusimamia kwa miaka mingi tangu 2004 na ambao sasa unasimamiwa na Alejandro Colomar, una desturi ya kutaja aina ya marekebisho kwenye kichwa cha komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili. `tfix` ni kosa la uchapaji. `ffix` ni umbo. `wfix` ni maneno. `srcfix` ni badiliko la chanzo ambalo msomaji wa ukurasa hatalioni kabisa. Hata kama mradi unaousaidia hautumii vifupisho hivyo, viweke kichwani. Kabla hujagusa mstari, jiulize ni ipi kati ya hizo nne. Ukikosa jibu, huenda unabadilisha maana, na hapo umeshatoka kwenye usafi.

Hatua ya 1: Jua ukurasa unatoka wapi

Tafuta faili lenyewe, kisha uone ni la kifurushi gani. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
man -w panga
dpkg -S "$(man -w panga)"
zcat "$(man -w panga)" | head -n 20
```

(`panga` ni programu ya kubuni, tuseme ya kupanga picha kwa tarehe. Tutaitumia mpaka mwisho.)

Mistari ile ya kwanza ndiyo itakayokuokoa na kazi ya bure. Kurasa nyingi hazikuandikwa kwa mkono. Ukiona maoni yanayosema ukurasa umetengenezwa na help2man, Pod::Man, Pandoc, DocBook au Asciidoctor, funga faili hilo. Lolote utakalosahihisha humo litafutika siku programu itakapojengwa tena. Kwa help2man, maneno ya kusahihisha yamo kwenye matini ya `--help` ndani ya programu yenyewe. Kwa zilizobaki, tafuta faili la `.pod`, `.md`, `.xml` au `.adoc` kwenye hazina ya mradi.

Kisha angalia lugha ya makro, yaani maagizo ya umbo yaliyomo kwenye chanzo. Mistari ikianza na `.TH` na `.SH`, hiyo ni familia ya `man`, iliyokuja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Ikianza na `.Dd`, `.Dt` na `.Sh`, hiyo ni `mdoc`, ambayo FreeBSD na OpenBSD wanaipenda kwa sababu inataja kitu ni nini badala ya kitaonekanaje. Usichanganye hizo mbili, na usijipe kazi ya kuhamisha ukurasa kutoka moja kwenda nyingine kwa jina la usafi. Huo ni uamuzi wa wenye mradi. Mwongozo huu unahusu `man`.

Ukishajiridhisha, chukua chanzo kutoka kwenye hazina ya mradi, si kutoka `/usr/share/man`. Distro (mikusanyo ya Linux kama Debian na Ubuntu) huweza kuwa zimeongeza viraka vyao, yaani mabadiliko yao juu ya chanzo, au toleo ulilonalo ni la zamani na kosa uliloliona lilishasahihishwa.

Hatua ya 2: Waachie zana waseme kwanza

Huu hapa ukurasa wetu mchafu:

```
.TH panga 1 "3/4/24"
.SH NAME
panga - Hupanga picha kwa tarehe.
.SH SYNOPSIS
panga [-n] [-o folda] faili...
.SH DESCRIPTION
\fBpanga\fR husoma tarehe ndani ya kila picha na kuihamishia
kwenye folda ya mwezi wake. Mipangilio husomwa kutoka faili la
.pangarc lililo kwenye folda ya nyumbani.

Ikumbukwe kwamba picha isiyo na tarehe haiguswi.
.SH EXAMPLE
panga -n -o ~/Picha 'Safari ya Lamu.jpg'
.SH SEE ALSO
.BR mv (1) ,
.BR exiftool(1).
```

Weka nakala ya asili pembeni, kisha pitisha vipimo viwili:

```
cp panga.1 panga.1.asili
groff -man -Tutf8 -ww -z panga.1
mandoc -T lint panga.1
```

Groff ndiyo inayogeuza chanzo kuwa ukurasa wa kusomwa, na mandoc ni programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. `-z` huiambia groff isitoe ukurasa, itoe malalamiko tu. `-ww` huwasha maonyo yote. Usiyapuuze maonyo haya, maana baadhi ya makosa mabaya kabisa hayalalamikiwi kwa mpangilio wa kawaida.

Mfano ni ule mstari unaoanza na `.pangarc`. Kwa groff, mstari wowote unaoanza na nukta au na ritifaa ni agizo, si matini. Ikikutana na `.pangarc` inaona makro isiyoijua, inautupa mstari mzima, na inaendelea na safari. Msomaji anabaki na «Mipangilio husomwa kutoka faili la», kisha aya mpya. Kosa la aina hii huweza kukaa kwenye ukurasa miaka bila kuonekana, kwa kuwa anayesoma chanzo anayaona maneno na anayesoma terminali hajui kuna kilichopotea. `man --warnings -l panga.1` nayo hulikamata, kwani onyo lake la kawaida ni hilo hilo la makro zisizojulikana.

Dawa ni mojawapo ya mbili: weka `\&` mbele ya nukta, alama isiyochukua nafasi yoyote kwenye karatasi, au upange upya mstari ili nukta isiwe ya kwanza.

Mandoc ana tabia ya ukali. Hugawa malalamiko kwa viwango, kuanzia kosa kamili hadi suala la mtindo tu. Anza na makosa, nenda kwenye maonyo, na yale ya mtindo yasome kama ushauri. Huna deni la kuyamaliza yote. Kiraka kinachojisifu kwamba kimeondoa kila onyo la mandoc, bila kumpunguzia msomaji tabu yoyote, ni kelele.

Hatua ya 3: Kichwa, jina na mpangilio wa sehemu

Tarehe `3/4/24` kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Andika `2024-04-03`, mwaka kwanza, na ubishi unaisha.

Sehemu ya NAME ni fupi lakini ina kazi kubwa: `whatis` na `apropos` husoma hapo. Ikiwa imeandikwa vibaya, ukurasa wako hautapatikana kwa kutafuta. Umbo lake ni jina, nafasi, `\-`, nafasi, kisha maelezo mafupi yasiyoanza na herufi kubwa na yasiyoishia na nukta. Thibitisha:

```
lexgrog panga.1
```

Lexgrog ikikurudishia jina na maelezo kwenye mstari mmoja, umepita.

Majina ya sehemu yana mpangilio uliozoeleka: NAME, SYNOPSIS, DESCRIPTION, OPTIONS, EXIT STATUS, ENVIRONMENT, FILES, HISTORY, BUGS, EXAMPLES, SEE ALSO. Si lazima ziwepo zote. Zikiwepo, zifuatane hivyo, kwa sababu msomaji aliyezoea hurukia mwisho wa ukurasa kutafuta mifano na marejeo. EXAMPLES huwa na S hata kama mfano ni mmoja. Kwenye SEE ALSO, panga marejeo kwa namba ya sehemu kwanza, halafu kwa alfabeti, na usiweke nukta mwishoni.

Hatua ya 4: Vistari, ritifaa na jamaa zake

Hapa ndipo wengi huharibu wakidhani wanatengeneza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa groff, `-` ni kistari cha kuunganisha maneno. Kwenye terminali ya UTF-8 kinaweza kutoka kama herufi nyingine kabisa, U+2010, inayofanana na ile ya kwenye kibodi lakini siyo. Msomaji akinakili `‐n` kutoka kwenye ukurasa na kuibandika, programu italalamika kwamba haijui faili lenye jina hilo. Akitafuta `-n` ndani ya `less`, haipati, ilhali anaiona kwa macho. Kwa hiyo chochote ambacho mtu atakichapa, yaani chaguo, jina la faili au amri, kiandikwe kwa `\-`.

Ugumu ni kwamba kwenye mashine yako huenda usiuone ugonjwa huu. Debian na baadhi ya distro nyingine wameiwekea groff mpangilio unaogeuza `-` kuwa ya kibodi wakati wa kuonyesha kurasa za man. Groff 1.23.0 ya mwaka 2023, kama inavyotoka kwa wenyewe, haifanyi hivyo. Mtu wa distro nyingine anaumia kwa ukurasa ambao kwako unaonekana mzima.

Jamaa wengine wa aina hiyo:

- ritifaa `'` hutoka ikiwa imejipinda, ndani ya amri andika `\(aq`
- ile alama iliyo chini ya kitufe cha Esc, ``` ` ```, andika `\(ga`
- `^` andika `\(ha`, na `~` andika `\(ti`
- mkwaju wa kurudi nyuma andika `\e` au `\(rs`

Sasa onyo. Usithubutu kufanya hivi:

```
sed 's/-/\\-/g' panga.1
```

Agizo hili litageuza vistari halali vya maneno, litaongeza mkwaju wa pili kwenye `\-` zilizokwishaandikwa sawa, na litavuruga maagizo kama `.in -4n`, ambako kistari ni hesabu ya groff yenyewe. Pita mwenyewe mahali hadi mahali. `grep -n '[^\\]-' panga.1` itakuonyesha sehemu nyingi za kukagua, uamuzi ni wako.

Hatua ya 5: Herufi nzito na italiki

Kanuni ni nyepesi. Kinachochapwa kama kilivyo, kama jina la amri, chaguo au jina la fanksheni, ni herufi nzito. Kinachobadilishwa na mtumiaji, kama `folda` au `faili`, ni italiki, na majina ya mafaili pia ni italiki. Terminali nyingi huonyesha italiki kwa kupiga mstari chini.

Badala ya `\fB...\fR` katikati ya sentensi, tumia makro: `.B`, `.I`, na zile za kupokezana kama `.BR`, `.IR` na `.BI`. Sababu si urembo. Mtu akisahau `\fR` ya kufungia, matini inaendelea kuwa nzito kupita mahali pake.

Makro za kupokezana zina mtego. `.BR` hubadilisha herufi kwa kila neno linalofuata na kuyaunganisha bila nafasi. Kwenye mfano wetu, `.BR mv (1) ,` ina maneno matatu: `mv` nzito, `(1)` ya kawaida, na mkato wenyewe unakuwa mzito. Sahihi ni `.BR mv (1),`. Na `.BR exiftool(1).` ni neno moja tu, kwa hiyo lote linakuwa nzito, mabano na nukta pamoja. Groff 1.23 imeleta makro mpya ya marejeo, `.MR mv 1 ,`, lakini hapo ni kinyume: alama ya mwisho ni kigezo chake cha tatu na hutengwa kwa nafasi. Mradi ukiwa bado unawahudumia watu wenye groff ya zamani, baki na `.BR`.

Hatua ya 6: Aya, orodha na mikato ya mistari

Mstari mtupu kwenye chanzo usiwepo. Aya mpya huanzishwa kwa `.PP` au `.P`, ni mamoja. Ukitaka nafasi ya kupumzisha macho kwenye chanzo, weka mstari wenye nukta peke yake, groff huupuuza.

Kila sentensi ianze mstari wake. Sentensi ndefu ikatwe kwenye mkato au kiunganishi. Brian Kernighan alishauri hivi tangu mwaka 1974, na faida yake imeongezeka tangu git ilipokuja: ukibadilisha neno moja, diff (ulinganisho wa kabla na baada) inaonyesha sentensi moja, si aya nzima iliyotiririshwa upya. Groff nayo hutambua mwisho wa sentensi kwa nukta iliyo mwishoni mwa mstari. Kama mstari unaishia na kifupisho, mfano «n.k.», ongeza `\&` baada yake ili isidhaniwe sentensi imekwisha.

Machaguo yaandikwe kwa `.TP`: mstari unaofuata ni chaguo, na ule wa baada yake ni maelezo. Kosa linalojirudia ni maelezo yenye aya ya pili. Mwandishi anaweka `.PP`, na aya hiyo inarudi ukingoni mwa ukurasa kana kwamba haihusiani na chaguo. Hapo tumia `.IP` bila kigezo, nayo itabaki chini ya chaguo lake.

Ukurasa wetu sasa unafanana na huu:

```
.TH panga 1 2024-04-03 "panga 1.2"
.SH NAME
panga \- panga picha kwenye folda kwa tarehe
.SH SYNOPSIS
.B panga
.RB [ \-n ]
.RB [ \-o
.IR folda ]
.IR faili " ..."
.SH DESCRIPTION
.B panga
husoma tarehe ndani ya kila picha
na kuihamishia kwenye folda ya mwezi wake.
Mipangilio husomwa kutoka faili la
.I .pangarc
lililo kwenye folda ya nyumbani.
.PP
Ikumbukwe kwamba picha isiyo na tarehe haiguswi.
.SH EXAMPLES
.in +4n
.EX
$ panga \-n \-o \(ti/Picha \(aqSafari ya Lamu.jpg\(aq
.EE
.in
.SH SEE ALSO
.BR exiftool (1),
.BR mv (1)
```

«Ikumbukwe kwamba» nimeiacha makusudi. Inakera, lakini ni suala la maneno, na zamu ya maneno bado. Mstari wa NAME sikuwa na hiari nao: herufi kubwa na nukta ni sehemu ya umbo lake, na nilipokuwa hapo nikaliweka kitenzi katika hali moja. Mkaguzi mkali angeniambia neno hilo liende kwenye kiraka cha pili, na angekuwa na haki.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba hakuna neno lililopotea

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona muhimu kuliko zote. Tengeneza ukurasa wa kabla na wa baada, uvunjevunje kuwa neno moja kwa kila mstari, kisha ulinganishe:

```
for f in panga.1.asili panga.1; do
    groff -k -man -Tutf8 -rHY=0 -rLL=78n -P-cbou "$f" |
        tr -s '[:space:]' '\n' > "$f.maneno"
done
diff -u panga.1.asili.maneno panga.1.maneno
```

`-rHY=0` huzuia kukatwa kwa maneno mwisho wa mstari, `-k` hushughulikia herufi zisizo za ASCII, na `-P-cbou` huondoa ukolezaji ili ubaki na maneno matupu. Ukurasa ukiwa na majedwali, ongeza `-t`.

Kiraka cha `srcfix` kitoe diff tupu, na kisipotoa tupu, jina lake si `srcfix`. Kiraka cha `ffix` kitaonyesha yale tu uliyoyakusudia: vistari vilivyobadilika, tarehe, S ya EXAMPLES, mkato uliosogea, marejeo yaliyobadilishana nafasi. Kwenye mfano wetu kitaonyesha pia maneno yaliyozaliwa upya, `.pangarc lililo kwenye folda ya nyumbani.`, na hilo ni la kutajwa waziwazi kwenye ujumbe wa komiti, kwa kuwa msomaji anapata taarifa aliyokuwa hana. Ukitaka kuona na mabadiliko ya ukolezaji, tumia `-P-c` peke yake. Herufi nzito zitaonekana zimepigwa mara mbili.

Hatua ya 8: Sasa maneno

Funga kiraka cha umbo kwa komiti yake. Anza upya.

Kurasa nyingi za man ni za Kiingereza, na kwa kazi hii kutokuzaliwa na Kiingereza si udhaifu. Sentensi inayokulazimisha uisome mara mbili inamsumbua pia msomaji wa Hanoi na wa São Paulo. Mwenye lugha yake huiruka bila kujua kwamba amejazia pengo mwenyewe.

Fuata kamusi ya mradi kabla ya ladha yako. Ukurasa `man-pages(7)` una orodha ya maneno yanayopendekezwa: `filename` kwa neno moja, `pathname`, `hostname`, `timestamp`, `nonzero` bila kistari, `superuser`, `symbolic link` badala ya `symlink`. Mradi mwingine unaweza kuwa na uamuzi tofauti. Ndani ya ukurasa mmoja, kitu kimoja kiwe na jina moja. Ukiona `directory` na `folder` zinapokezana, msomaji ataanza kujiuliza kama ni vitu viwili.

Punguza makapi. `Note that` ndiyo inayoongoza: mara nyingi ukiifuta sentensi inabaki vilevile, na kama onyo ni zito kweli, lipe sehemu ya CAVEATS. `Simply` na `obviously` humdharau aliyekuja kusoma kwa sababu jambo halikuwa wazi kwake. `Allows to` ni kosa la sarufi linalozagaa mno kwenye kurasa hizi; badala ya `allows to sort`, andika `allows sorting`, au bora zaidi `sorts`. Kwenye ukurasa wetu, «Ikumbukwe kwamba picha isiyo na tarehe haiguswi» inabaki «Picha isiyo na tarehe haiguswi».

Kuna maneno ambayo usiyaguse kwa jina la `wfix`: `must`, `should`, `may`, `can`. Hayo ni ahadi kati ya programu na anayeitumia. Ukiona `may fail` na unadhani inafaa `will fail`, fungua kodi au fanya jaribio, kisha upeleke badiliko hilo peke yake, pamoja na ushahidi. Vivyo hivyo na namba, thamani za kawaida na majina ya makosa. Na maelezo ya hakimiliki juu ya faili yaache kama ulivyoyakuta, hata kama yana kosa la tahajia.

Kwa tahajia, `codespell panga.1` hukamata makosa ya Kiingereza yanayojulikana. Maneno yaliyorudiwa, kama `the the`, yatafute hivi:

```
grep -nwE '(\w+) \1' panga.1
```

Kwenye ukurasa wa Kiswahili amri hiyo itakuletea «moja moja» na «haraka haraka», ambayo ni sahihi. Soma kabla ya kufuta.

Ukiwa unaandika ukurasa wenyewe kwa Kiswahili, ongeza mistari miwili chini ya `.TH`:

```
.nh
.ad l
```

Groff hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza isipoambiwa vingine, na kitenzi kirefu kama «zitakapopelekwa» hukatwa mahali pa ajabu. Wa pili huzuia kunyoosha ukingo wa kulia, maana maneno marefu kwenye mstari mfupi huacha mapengo mapana katikati. Kurasa zinazotoka DocBook hufanya vivyo hivyo. Vichwa kama NAME viache kwa Kiingereza mpaka ujaribu na lexgrog, na faili lenyewe likae `/usr/share/man/sw/man1`, mahali `man` hutafuta mtu akiwa ameweka lugha ya mashine kuwa Kiswahili.

Hatua ya 9: Wafikirie watafsiri

Kurasa nyingi hutafsiriwa kwa po4a, inayogawa ukurasa katika vipande na kuoanisha kila kipande na tafsiri yake. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya kipande, tafsiri yake katika kila lugha huwekewa alama ya kuangaliwa upya. Kwa hiyo `wfix` ya kubadilisha neno zuri kuwa neno zuri jingine ina gharama kwa watu usiowajua. Kama badiliko halimwondolei msomaji utata, liache. Kama mradi unakaribia kutoa toleo jipya, uliza kwanza.

Hatua ya 10: Tuma

Kiraka kimoja, aina moja ya marekebisho. Kosa moja likirudiwa kwenye kurasa ishirini ni kiraka kizuri. Makosa ya aina ishirini kwenye ukurasa mmoja ni viraka kadhaa. Kiraka cha mistari elfu hakuna atakayekisoma kwa makini, na kwenye usafi wa maandishi kutosomwa kwa makini ndiko kunakopitisha makosa mapya.

Ujumbe wa komiti useme ukurasa, aina na sababu:

```
panga.1: ffix

Mstari ulioanza na ".pangarc" ulichukuliwa kama makro
na haukuonekana kwa msomaji.
Tumia .I ili neno litokee.
```

Andika kwa lugha ya mradi, bila shaka. Mradi wa man-pages hupokea viraka kwa barua pepe kupitia `git send-email`, na hutaka mstari wa `Signed-off-by`. Miradi mingine hutaka ombi kupitia tovuti yao ya git. Kama ukurasa umo ndani ya kifurushi cha distro lakini umeandikwa na mradi wa asili, peleka kwa mradi wa asili kwanza. Kwa Debian, kurasa zilizoandikwa na Debian wenyewe peleka kwa `reportbug`.

Mkaguzi akikurudishia, atakuwa na maoni kuhusu mambo usiyoyategemea: nafasi mbili, `.P` badala ya `.PP`, herufi kubwa kwenye kichwa. Usibishane kuhusu ladha kwenye nyumba ya mwenzio. Badilisha, pitisha tena kipimo cha Hatua ya 7, na utume toleo la pili kwa `git format-patch -v2`, ukitaja chini ya mstari wa `---` ni nini kimebadilika tangu la kwanza. Akikaa kimya, subiri wiki mbili hivi kabla ya kumkumbusha; wengi wao hufanya kazi hii baada ya saa za ajira.